Shajara ya mradi: chati ya maneno ya Kifaransa ndani ya Kiingereza

Klabu yetu ya lugha, kidato cha tatu na cha nne, ina swali linalorudi kila mwaka: kwa nini Kiingereza kina maneno mawili, hata matatu, kwa jambo moja? Kuna “freedom” na “liberty”, “begin” na “commence”, kisha “kingly”, “royal” na “regal” kwa mpigo. Jibu la kitabuni ni kwamba Wanormani, watu wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066 wakaja na Kifaransa chao. Mwaka huu tumeamua kulipima jibu hilo neno kwa neno. Kazi itakuwa na vitu viwili: daftari la maneno na chati ya ukutani yenye rangi. Naandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama na zile njia zilizokwama, ili mwalimu mwingine akitaka kuiga aanzie mbele yetu.

18 Januari: safu mbili

Mpango wa kwanza ulikuwa mwepesi. Karatasi ya manila, mstari mmoja katikati ulioandikwa 1066, maneno ya Kiingereza cha kale kushoto, ya Kifaransa kulia. Historia ya kuanzia tuliimaliza kwa kipindi kimoja. Tarehe 14 Oktoba 1066 William, mtawala wa Normandy, alimshinda Mfalme Harold karibu na Hastings, na siku ya Krismasi mwaka huohuo akatawazwa Westminster. Ukisoma daftari la ardhi la mwaka 1086, wanaloliita Domesday Book, unaona mabwana wakubwa wa Kiingereza wamebaki wa kuhesabika. Mashamba yao yako mikononi mwa watu wa William. Tangu hapo mabwana wakazungumza Kifaransa, makasisi na makarani wakaandika Kilatini, na umma ukaendelea na Kiingereza chake.

Chati ilivunjika siku hiyohiyo. Neno “castle” lilikuwa la kwanza kubandikwa kulia, na ndilo la kwanza kubanduliwa: limo katika kumbukumbu za Kiingereza za mwaka 1051, miaka kumi na mitano kabla ya vita. Mfalme Edward, aliyemtangulia Harold, alilelewa Normandy, na aliporudi alikuja na watu wa huko waliojenga ngome na kuzipa jina lao. “Proud” nalo lilikuwa limeshaingia. Pigo la pili lilikuwa “law”. Wanafunzi wote waliliweka upande wa Kifaransa, na ni haki yao kudhani hivyo, maana siku zote linatembea na “judge”, “court” na “justice”. Hayo matatu ni ya Kifaransa kweli. “Law” limetoka kwa Waviking, watu wa Skandinavia, waliohamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza zamani kabla ya Wanormani, kama yalivyotoka kwao “they”, “take”, “sky” na “egg”.

Marekebisho: tumeacha safu, tumehamia kwenye rangi. Buluu ni Kiingereza cha kale, kijani Waviking, nyekundu Kifaransa, zambarau Kilatini kilichoingia moja kwa moja. Gharama: manila nne kwa shilingi 4,000, pakiti ya maka peni 6,000.

8 Februari: Baba Yetu chini ya rangi

Kabla ya kujaza daftari tulitaka kuona rangi zinavyokaa kwenye maandishi halisi. Tulichukua Baba Yetu ya Kiingereza katika tafsiri ya mwaka 1611, Injili ya Mathayo sura ya 6, kwa sababu wengi wanaijua kwa moyo. Ina maneno 66. Yaliyopata nyekundu ni sita tu: “debts”, “debtors”, “temptation”, “deliver”, “power” na “glory”. “Amen” ni la Kiebrania. Mengine yote 59 ni buluu, ila “give”, ambalo g yake ngumu imetoka kwa Waviking, tulilipigia mstari wa kijani chini.

Tazama ni maneno gani hayo sita. Baba, mbingu, jina, siku, mkate, dunia, uovu: yote Kiingereza cha kale. Deni, mdeni, jaribu, kuokoa, nguvu na utukufu: Kifaransa. Mkate uko nyumbani kwa mkulima. Deni, nguvu na utukufu viko kwa bwana. Hakuna maelezo yangu ya darasani ambayo yangeonyesha jambo hili waziwazi namna ile.

Kisha tukachukua kifungu cha kwanza cha Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Maneno 30, na manane ni ya Kifaransa au Kilatini: “human”, “equal”, “dignity”, “endowed”, “reason”, “conscience”, “act”, “spirit”. “Equal” ni Kilatini moja kwa moja, na “act” na “spirit” yanaweza kudaiwa na pande zote mbili. Hapo ndipo rangi nne ziliposhindwa kutosha. Karani wa Kiingereza wa karne ya 14 alijua Kifaransa na Kilatini kwa pamoja, na mara nyingi neno lilimfikia kwa milango yote miwili. Tumeongeza rangi ya tano, chungwa, kwa maneno ya aina hiyo, badala ya kulazimisha jibu.

Hesabu ya asilimia nayo ilileta ubishi. Mwanafunzi mmoja alikuja na takwimu za watafiti Finkenstaedt na Wolff za mwaka 1973: katika maneno yapatayo 80,000 ya kamusi, Kifaransa kina kama asilimia 28, Kilatini vilevile, na maneno ya lugha za jamii ya Kijerumani, pamoja na Kiingereza chenyewe, kama 25. Mbona kwenye sala ni sita kati ya 66? Kwa sababu kamusi inahesabu kila neno mara moja, liwe “the” au liwe neno ambalo mtu hulitumia mara moja katika maisha yake. Ukihesabu mazungumzo, “the”, “and”, “of”, “in”, “is” yanarudi kila sentensi, na hayo hayakuazimwa kwa mtu. Atakayeiga kazi hii aandike kila mara anahesabu kamusi au anahesabu maandishi. Vinginevyo atapata majibu mawili yanayopingana, na yote ni ya kweli.

Gharama: bando la intaneti 10,000. Kamusi tunazotumia ni za bure mtandaoni: ile ya Kiingereza cha zama za kati ya Chuo Kikuu cha Michigan, na ile ya Kifaransa cha Wanormani wa Uingereza ya Aberystwyth.

1 Machi: safu ya mwaka

Hatua hii ndiyo iliyobadilisha mradi mzima. Tuliongeza kwenye daftari mwaka ambao neno limeonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi ya Kiingereza, tukitegemea kuona mafuriko kuanzia 1066 na kupungua baadaye. Hayakutokea. Miaka 150 ya mwanzo ina maneno machache. Yanaanza kumiminika katikati ya karne ya 13 na kujaa katika karne ya 14. Mwanaisimu Otto Jespersen wa Denmark, mwanzoni mwa karne ya 20, alipanga sampuli ya maneno 1,000 ya Kifaransa kwa tarehe, akakuta karibu nusu yameangukia kati ya 1251 na 1400.

Kwa hiyo Kiingereza kilijaa Kifaransa wakati uleule Kifaransa kilipokuwa kinakufa midomoni mwa mabwana wa Uingereza. Wanafunzi walikataa kwanza, na walikuwa na haki ya kukataa, maana linasikika kinyume. Lakini lifuate taratibu. Bwana akiwa anaongea Kifaransa na mkewe, karani wake na hakimu wake, mkulima hana haja ya kubeba msamiati huo. Anajua maneno machache ya kodi na adhabu, basi. Siku mjukuu wa bwana anapoanza kuongea Kiingereza, anakijia kama alivyo. Akitaka kusema mambo ya sheria, mavazi, mapishi, sala ndefu au mapenzi ya kwenye mashairi, Kiingereza chake hakina maneno hayo, kwa hiyo anayaingiza yale aliyoyazoea. Mtekaji alileta Kifaransa nchini. Aliyekiingiza ndani ya Kiingereza ni mjukuu wa mtekaji alipokuwa anaacha lugha ya babu yake.

Tarehe zinakubaliana na hilo. Mwaka 1204 Mfalme John alipoteza Normandy kwa mfalme wa Ufaransa, na koo zilizokuwa na ardhi pande zote mbili zikalazimika kuchagua. Mwaka 1258, wakati wa mageuzi ya utawala ya Oxford, barua za mfalme kwa wananchi zilitolewa kwa Kiingereza pia, pamoja na Kifaransa na Kilatini. Vita vya Miaka Mia, kati ya Uingereza na Ufaransa, vilianza 1337 na kuifanya Kifaransa kuwa lugha ya adui. Mwaka 1362 ikapitishwa sheria kwamba kesi zizungumzwe kwa Kiingereza kwa kuwa watu hawaelewi Kifaransa, na sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Mwaka 1385 mfasiri John Trevisa anaeleza kwamba katika shule zote za sarufi Uingereza watoto wameacha Kifaransa na wanafundishwa kwa Kiingereza.

Marekebisho: mstari wa 1066 umefutwa. Chati mpya ni ukanda mrefu wa wakati, manila nne zilizoungwa, 4,000.

29 Machi: tarehe zinazodanganya

Safu ya mwaka ina kasoro yake. Mwaka wa kwanza kuonekana ni mwaka ambao maandishi yalisalimika. Neno lenyewe linaweza kuwa lilisemwa vizazi viwili kabla. Baada ya utekaji Kiingereza karibu kiache kuandikwa. Kumbukumbu za kila mwaka ziliendelea kwenye monasteri moja tu, Peterborough, na zikakoma 1154. Pengo la maandishi likichukuliwa kuwa pengo la maneno, chati inapotoka.

Tuliyatafuta maneno katika hizo kurasa za mwisho za Peterborough, hasa zinazosimulia mwaka 1137, enzi za Mfalme Stephen, mabwana walipojijengea ngome na kuwatesa watu miaka kumi na tisa. Mtawa aliyeandika ni Mwingereza, na Kiingereza chake ni cha nyumbani kabisa. Lakini maneno haya anayatoa kwa Kifaransa: “tresor”, yaani hazina, “justise”, haki na adhabu, “prisun”, kifungo, “pais”, amani. Na lipo “tenserie”, malipo ambayo vijiji vilitozwa kila mara na watu wa ngome kwa jina la kulindwa. Mtu aliyekuwa anaona majirani zake wakinyang'anywa mpaka nyumba zinachomwa, ndiye aliyetuachia ushahidi wa maneno yaliyowafikia watu wa kawaida kwanza. Hazina, adhabu, jela, tozo, na amani iliyokosekana. Ukurasa huu unastahili kipindi kizima, na mimi ningeufundisha hata kama mradi usingekuwepo.

Marekebisho: kichwa cha safu sasa kinasomeka “limeandikwa kufikia mwaka”, na miaka ya 1154 hadi 1200 kwenye chati ina mistari ya mlalo kuonyesha maandishi ni haba.

3 Mei: Kifaransa kipi?

Maneno mapacha yalitusumbua. “Warden” na “guardian”, “warranty” na “guarantee”, “cattle” na “chattel”, “catch” na “chase”. Yote nyekundu, kila jozi mzizi mmoja. Daftari lilikuwa linayahesabu kama kosa la kurudia, mpaka tulipotenganisha Kifaransa cha Normandy na cha Paris. Normandy walitamka w pale ambapo Paris walisema gu, na k mbele ya a pale ambapo Paris walisema ch. Maneno ya tabaka la kwanza yana sauti za Normandy: “warden”, “cattle”, “catch”. Baada ya Henry wa Pili kutawala mwaka 1154, uzito wa Kifaransa cha Paris na mikoa jirani ukaongezeka, na neno lilelile likaingia mara ya pili kwa sauti nyingine na kupewa kazi nyingine.

Kanuni ya ziada kwa anayeiga: angalia ch. “Chief” lina ch ya zamani na ni la zama za kati. “Chef”, neno lilelile, lina sauti ya sh kwa kuwa liliingia karne ya 19, Wafaransa wenyewe walipokuwa wameshabadili matamshi. “Machine” na “police” nayo ni ya wageni wa baadaye. Haya tumeyatoa kwenye chati kabisa. William hahusiki nayo.

Gharama: kaunta buku jipya 5,000.

7 Juni: nyama na ndugu

Kila mtu anakijua kisa cha nyama. Mchungaji Mwingereza akamwita mnyama “ox”, “sheep”, “swine”; bwana Mfaransa akamla kama “beef”, “mutton”, “pork”. Walter Scott ndiye aliyekisambaza katika riwaya yake ya mwaka 1819. Tulikiandika kwenye chati, kisha kikakataa kukaa. Katika Kiingereza cha zama za kati “beef” na “mutton” yalitumika pia kwa mnyama aliye hai, na kwa Wafaransa mpaka leo neno ni moja kwa mnyama na kwa nyama yake. Mgawanyo safi ulikuja kutulia karne nyingi baadaye. Halafu kuku, kondoo mchanga na samaki, “chicken”, “lamb” na “fish”, yalifika mezani na majina yaleyale ya Kiingereza. Tumekibakiza kisa, lakini kwa kalamu ya risasi, na maelezo pembeni.

Ndugu ndio waliolipa kazi ya siku hiyo. “Mother”, “father”, “brother”, “son”, “daughter” ni ya nyumbani. “Uncle”, “aunt”, “nephew”, “niece” na “cousin” ni ya Kifaransa. Nilipoandika ubaoni maneno ya zamani, mwanafunzi wa mbele akasema, “Mwalimu, kumbe na wao walikuwa na mjomba!” Walikuwa naye. Kiingereza cha kale kilimwita kaka wa mama “eam”, na kaka wa baba kilimwita “fædera”. Dada wa baba, shangazi, alikuwa “faðu”, na dada wa mama alikuwa “modrige”. Watu wanne, majina manne, kama tunavyowatofautisha sisi. Kifaransa kiliwabana wanne hao ndani ya “uncle” na “aunt”, ingawa kwa Kilatini asili ya “uncle” ilikuwa mjomba tu, na ya “aunt” shangazi tu.

Hakuna rangi ya kuonyesha neno lililokufa, na bila hayo chati inasimulia upande wa faida pekee. Tumeongeza kisanduku cheusi cha maneno yaliyotolewa. Ndilo badiliko ambalo ningependa kila atakayeiga alichukue.

19 Julai: tahajia

Tulidhani rangi ya neno itatosha kueleza maandishi yake. Haikutosha. “Queen” ni buluu tupu, lakini zamani liliandikwa “cwen”. Qu ni mkono wa makarani waliofundishwa kwa Kifaransa. “House” lilikuwa “hus”. “Ice” lilikuwa “is”, na hiyo c yake ni ya kalamu ya Kifaransa juu ya neno lisilo na tone la Kifaransa. “Debt” limegeuka upande wa pili: liliingia kama “dette”, kisha wasomi wa baadaye wakapachika b kuonyesha uhusiano na Kilatini, na hakuna aliyewahi kuitamka. “Island” ni Kiingereza cha kale, s yake imeazimwa kutoka “isle” la Kifaransa.

Kwa hiyo neno sasa lina rangi mbili: kiini kwa asili ya neno, ukingo kwa asili ya tahajia. Mwanafunzi aliyekuwa anakosa “queen” na “ice” kwenye imla sasa anajua lawama ni ya nani.

Jambo moja tumelikataa lisiingie. Wengi husema Wanormani ndio waliovunja viambishi vya mwisho na jinsia za nomino za Kiingereza. Viambishi vilikuwa vimeshaanza kudondoka kabla ya 1066, hasa kaskazini walikochanganyika na Waviking. Kifaransa kiliondoa kalamu rasmi iliyokuwa inashikilia mtindo wa zamani, na mabadiliko yakaonekana wazi. Bando jingine: 10,000.

23 Agosti: mahakama, na chati ya mwisho

Sheria ya 1362 ilibadilisha mazungumzo ya kesi, lakini mawakili waliendelea kuandika Kifaransa chao cha mahakamani kwa karne kadhaa zaidi, na kumbukumbu zikabaki za Kilatini. Kiingereza kilipewa mahakama kikamilifu kwa sheria ya 1731, iliyoanza kutumika 1733. Bunge la London hadi leo hutangaza idhini ya mfalme kwa maneno ya Kifaransa “Le Roy le veult”, yaani mfalme anataka hivyo. Masalia yako katika jozi ambazo karani aliandika lugha mbili ili asiache mwanya, kama “will and testament” na “fit and proper”, na katika mpangilio wa “attorney general” na “court martial”, sifa ikifuata jina. Kwa wanafunzi wangu mpangilio huo haukuwa na ajabu yoyote. “Mwanasheria mkuu” umekaa hivyohivyo.

Na hapa ndipo chati ilipotufikia sisi. Mahakama za kikoloni za Kiingereza zilikuja Afrika Mashariki na msamiati huo, na Kiswahili kikachukua jaji, korti, jela na waranti. Yote manne ni ya Kifaransa cha zama za kati yaliyopitia Uingereza. Yamepata mshale wa mwisho kulia kwa ukanda, kwa wino wa kahawia.

Chati safi imeprintiwa kwa rangi, saizi kubwa, 15,000. Jumla ya gharama tangu Januari ni shilingi 54,000, na manila za majaribio tunazitumia upande wa nyuma. Daftari lina safu sita: neno, asili ya neno, asili ya tahajia, limeandikwa kufikia mwaka, Normandy au Paris, na neno la zamani lililotolewa. Kundi linalofuata ni la vita: “army”, “soldier”, “captain”, “siege”, “battle”. Tutaanza na “war” lenyewe, ambalo w yake inaonyesha limetoka Normandy moja kwa moja.